Kidari cha Meko: Historia ya Jiko Dogo katika Nyumba za Mawe za Pwani

Wanaoandika juu ya nyumba za mawe za pwani ya Waswahili huanzia mlangoni. Husifu nakshi za miimo na mfaa, wakapita dakani na tekani, wakasimama kidogo kiwandani, kisha wakavuka misana miwili hadi ndani, mbele ya ukuta wa zidaka. Hapo safari yao hukoma. Zidaka zimepata wasomi wake, na hata washairi: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alizitazama zile za majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu, akazifanya kuwa hoja ya kuukanya moyo wake. Jiko, kwa upande wake, mara nyingi hupewa sentensi moja, nayo ni ya kueleza kwamba lilikuwa juu.

Lakini leo mwenye nyumba anapomwita fundi, jambo la kwanza analolitaka si mlango. Ni jiko. Anataka maji yafike, moshi utoke, kuwe na mahali pa kuweka mtungi wa gesi na friji, na mama mtu mzima asilazimike kupanda ngazi tatu kwa ajili ya kikombe cha chai. Chumba kilichosahauliwa na waandishi ndicho kinachoamua iwapo nyumba itakaliwa na wenyewe au itauzwa. Kwa sababu hiyo historia yake inastahili kuelezwa, na inastahili kuelezwa kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa.

Nyumba nyingi za mawe zilizosalia Lamu ni za karne ya 18. Ujenzi wake ulifuata kipimo kilichowekwa na mti. Boriti za mikoko, zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, hazikuweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa upana uliozidi sana mita 3. Kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na kila hatua ya kwenda nyuma ikawa ni hatua ya kwenda faraghani. Kipimo hiki kilivuka bahari. Majahazi ya Ghuba yalikuja Lamu na Rufiji kupakia boriti kwa ajili ya miji isiyo na miti. Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, ameiandika safari ya namna hiyo hadi kwenye delta ya Rufiji. Wembamba wa vyumba vya zamani vya Kuwait na vya Lamu una asili moja, nayo ni urefu wa mkoko.

Katika mpangilio huo moto haukuwa na mahali pa chini. Mji ulibanana, nyumba ziliegemeana, na vichochoro vilitosha punda na mzigo wake. Nyumba ya miti na udongo, yenye ukumbi katikati, huweka jiko uani nyuma, mahali penye hewa na kuku. Nyumba ya mawe ya Lamu haikuwa na ua wa aina hiyo. Kiwanda chake kilikuwa ni mwanga na pumzi ya misana, na moshi ukiingia humo ungepakaa masizi kwenye chokaa nyeupe ambayo ndiyo fahari ya nyumba. Basi moto ukapandishwa juu kabisa, ukawekwa chini ya paa la makuti lililo wazi pembeni, na mahali hapo pakaitwa kidari cha meko. Jina lenyewe linajieleza: kidari ni dari ndogo, na meko ni wingi wa jiko. Upepo wa kusi na wa kaskazi, kila mmoja kwa msimu wake, ulichukua moshi bila ya kuhitaji bomba.

Mpango huo ulikuwa na hekima zaidi ya moja. Moshi uliopita katika makuti uliwafukuza wadudu, na paa lililofukizwa kila siku lilidumu kuliko lile lisilopikiwa chini yake. Joto lilibaki juu, mbali na vyumba vya kulala. Hata hivyo ulikuwa na hatari yake, kwani cheche moja ikirukia makuti makavu wakati wa kaskazi inaweza kuunguza mtaa mzima. Hofu hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zilizowafanya wengi baadaye kubadili makuti kwa mabati, wakakubali joto ili waepuke moto.

Swali ambalo mpango huo unaliacha ni hili: nani alipanda ngazi zile? Kuni zilipanda, maji yalipanda, samaki na nazi na mchele vilipanda, na sinia ya chakula ilishuka. Katika nyumba za wenye mali wa karne ya 18 na 19, aghalabu waliopanda walikuwa ni watumwa, na wengi wao wanawake. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba za Lamu, alionyesha jinsi kuta za nyumba hizi zilivyopanga watu kwa daraja zao. Anayetazama tu ramani ya nyumba ataona kwamba jiko liko juu kuliko vyote. Anayetazama kazi ataona kwamba lilikuwa chini kuliko vyote.

Unguja ya masultani inatoa ushahidi wake. Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo ameeleza pilikapilika za uani mwa Beit el-Sahel, pamoja na uchinjaji, wachukuzi wa maji, na wapishi wenye makelele yao. Ni katika kurasa chache za karne ile ambamo jiko la pwani linasikika. Nalo linasikika kutoka kwa binti wa nyumba, aliyelikumbuka akiwa mbali, katika nchi ya baridi. Wapishi wenyewe hawakuacha kitabu.

Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mabadiliko hayo huelezwa kwa kawaida kwa habari za mashamba ya karafuu na ya minazi. Lakini yalifika pia kidarini. Bibi wa nyumba ambaye hakuwa akipanda ngazi kwa kazi alianza kuzipanda, au alilipa mtu, au aliishusha kazi ya jiko karibu naye. Seredani na jiko la makaa vilisaidia ushukaji huo, kwa kuwa makaa hayana moshi mwingi kama kuni na chombo chake hubebeka. Chapati zikaweza kuchomwa msanani, na mkate wa kumimina ukapikwa kwa moto wa chini na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko, katika pembe yoyote yenye hewa. Jiko likaacha kuwa mahali, likawa chombo. Lugha imehifadhi maana zote mbili, na ikaongeza ya tatu: mwanamume anapooa husemwa kwamba amepata jiko. Msemo huo una uzito wa aina yake ukiuweka kando ya ngazi za kidari.

Mageuzi makubwa zaidi yaliletwa na maji. Ili kuyaelewa ni lazima kukumbuka kwamba jiko la kale lilikuwa kavu. Maji yaliyofika huko yalibebwa kichwani, na kitu kinachobebwa kichwani hakimwagwi ovyo. Vyombo vilioshwa kwa kata, na sakafu haikuwa na mfereji kwa sababu haikuhitaji mfereji. Nyumba ya mawe ilikuwa na mahali pake pa maji, nacho ni choo, chenye birika lililosakafiwa kwa chokaa, ambamo samaki wadogo waliwekwa ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini yake kukiwa na shimo. Wajenzi waliyatenga maji upande mmoja wa nyumba na moto katika upande wa juu, na kati yake wakaweka vyumba vya watu.

Mjini Zanzibar, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alileta maji ya mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji. Baada ya hapo, hatua kwa hatua na kwa tofauti kubwa kati ya nyumba na nyumba, bomba likaingia mlangoni, likapanda ukutani, likafika ghorofani. Maji yakaanza kupanda bila ya mtu wa kuyabeba. Ilikuwa ni nafuu kubwa kwa waliokuwa wakibeba, na hakuna mwanahistoria mwenye haki anayepaswa kuililia ndoo. Lakini nyumba haikuwa imeandaliwa. Maji yasiyo na mbebaji hayana anayeyahesabu, na tone linalovuja nyuma ya ukuta usiku kucha halimwamshi mtu.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliongeza uzito wa jambo hili. Wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe waliondoka, au waliondolewa, kwenda Oman, nchi nyingine za Ghuba, Uingereza na kwingineko. Majumba yao yalitaifishwa na serikali ikayagawa kwa familia zilizohitaji makazi. Jumba lililojengwa kwa ajili ya familia moja na watumishi wake likawa na familia nyingi, kila moja ikiwa na chumba kimoja au viwili. Kila familia ilihitaji kupika. Jumba la jiko moja likawa na meko matano au sita, katika ushoroba, chini ya ngazi, kwenye roshani na pembeni mwa ua wa ndani. Familia hizo hazikufanya kosa. Zilifanya kile ambacho binadamu yeyote hufanya anapopewa chumba kisicho na jiko. Ila ndoo za maji machafu, mabomba ya kubahatisha na sakafu zilizoloa vilienea pale ambapo wajenzi hawakutarajia tone. Wataalamu walioukagua mji katika miaka ya 1980 na 1990 waliliona tatizo la unyevu kila walipokwenda.

Kwa nini unyevu ni adui mkubwa kiasi hicho? Ukuta wa nyumba hizi, wenye unene wa karibu nusu mita, ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo. Jiwe hilo lina matundu na hunyonya maji. Chokaa, ambayo ni matumbawe yaleyale yaliyochomwa juu ya tanuri la magogo, nayo hupumua: unyevu unaoingia hutoka, na ukuta hukauka. Ukuta ukipigwa lipu ya saruji, mlango wa kutokea hufungwa. Maji hubaki ndani pamoja na chumvi yake, chumvi hujijenga, na baada ya miaka michache lipu huvimba na kuanguka ikiwa imeshika vipande vya ukuta wa kale. Vichwa vya boriti, vilivyozikwa ukutani, huoza kimyakimya. Anayetazama kutoka chini huona boriti nzima yenye rangi nzuri, kumbe ncha zake zimekuwa unga.

Juu ya hilo kuna uzito. Sakafu ya kale ilitengenezwa kwa kumimina kokoto na chokaa juu ya mawe yaliyolazwa kwenye boriti, kisha watu wakaiponda kwa magongo kwa siku kadhaa, wakifuatisha mapigo na nyimbo, hadi ikawa ngumu na laini. Ni sakafu nzito tayari. Anayeimiminia zege juu yake ili apate mahali pa kubandika vigae anaziongezea boriti zilizochoka mzigo zisioujua, na chuma alichokiweka ndani ya zege kitashika kutu kwa hewa ya chumvi. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, jumba la mwaka 1883 lililojulikana dunia nzima, kuliwakumbusha watu kwamba majengo haya huanguka kweli, na huua.

Sheria zipo. Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Lakini jicho la uhifadhi kwa kawaida huanza na kile kinachoonekana kutoka njiani, yaani mlango, baraza, roshani, urefu wa jengo na rangi ya ukuta. Jiko halionekani kutoka njiani. Kwa hiyo ndicho chumba chenye uhuru mkubwa zaidi na ulinzi mdogo zaidi, na ndimo madhara makubwa hufanyika nyuma ya uso uliotunzwa vizuri.

Hapa ndipo Waswahili wa ughaibuni wanapoingia katika historia hii, si kama wasomaji tu. Nyumba nyingi zilizobaki mikononi mwa familia ni mali za mirathi, na warithi wametawanyika Maskati, Dubai, London na Toronto. Mmoja hutuma fedha kwa ajili ya kumtengenezea shangazi jiko. Nia ni njema, na picha anayoituma pamoja na fedha ni ya jiko alilonalo yeye huko aliko, lenye vigae kutoka chini hadi juu, meza ya mawe mazito, na sinki chini ya dirisha. Fundi hufanya alichoambiwa. Miaka mitano baadaye dari ya chumba cha chini ina doa la kahawia, na warithi wanaanza kuzungumza juu ya kuuza.

Mnunuzi hakosekani. Katika miongo ya karibuni nyumba nyingi Unguja, Lamu na Shela zimegeuzwa kuwa hoteli au nyumba za likizo, na katika mageuzi hayo juu ya nyumba ndiko kunakothaminiwa kwanza. Pale palipokuwa na kidari cha meko huwekwa mito na taa, na mgeni hulipa ili ale mahali ambapo zamani aliyelazimishwa ndiye aliyepika. Mafiga huondolewa kwa kuwa ni machafu. Hakuna anayekusudia kufuta kitu, ila kimefutika. Mlango wa nakshi, alama ya aliyeimiliki nyumba, umepigwa dawa na kung'arishwa. Mahali pa wale walioihudumia pamekuwa baraza la kutazamia machweo.

Je, jiko dogo laweza kutengenezwa upya bila ya kuiumiza nyumba wala kumnyima mkaaji haki yake ya kuishi kama watu wa zama zake? Historia yenyewe inatoa majibu. La kwanza ni kwamba maji yarudi upande wa maji: sinki liwekwe kwenye ukuta unaopakana na choo cha kale, karibu na njia ya kutokea, hata kama dirisha zuri liko kwingine. La pili ni kwamba bomba lisizikwe ukutani. Bomba linaloonekana si la kupendeza, lakini likivuja linaonekana likivuja. La tatu ni kwamba ukuta uliopigwa chokaa utengenezwe kwa chokaa, na vigae, vikihitajika, viishie nyuma ya sinki na nyuma ya moto tu, ili sehemu iliyobaki ipumue. La nne ni kwamba kabla ya kuongeza uzito wowote, vichwa vya boriti vifunuliwe na kukaguliwa, na zilizooza zibadilishwe moja moja. Kazi hiyo ya mwisho si rahisi kama ilivyokuwa. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na misitu iliyobaki huhitaji kulindwa. Boriti nzuri leo ni kitu cha kutafutwa kwa kibali na kwa subira.

La tano halihusu chokaa wala boriti. Pale mafiga yalipobaki, au pale ukuta wa kidari ulipobaki na masizi yake, pafaa pawe na kipande kinachoachwa kama kilivyo. Hahitajiki mtu kupikia hapo. Kinu kilichowekwa pembeni, mbuzi ya kukunia nazi, jiwe la kusagia lililochimbika katikati kwa mikono ya watu wasiojulikana majina, hivyo havichukui nafasi kubwa hata katika jiko dogo. Wenye nyumba wanaochukia masizi wana haki ya kuyachukia. Lakini masizi yale ndiyo hati pekee iliyoandikwa na waliopika, na ikishapakwa rangi haina nakala mahali pengine.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mamlaka yenye kanuni bila ya fundi ajuaye chokaa haitaliokoa jiko. Fundi bila ya mwenye nyumba anayekubali kungoja ukuta ukauke hatafika mbali. Na mwenye nyumba aliyenyimwa jiko la kufaa, kwa jina la urithi wa dunia, atahama, na aliyehama hahifadhi kitu. Wali wa nazi hupikwa Maskati na London kwa watu ambao bibi zao waliupika chini ya makuti, wakipangusa macho kwa sababu ya moshi. Ladha imesafiri bila ya tabu. Ngazi, mafiga na ukuta mweusi havikusafiri, navyo vinasubiri uamuzi wa yule atakayelipa fundi.